Safari ya Ulaya ni kazi, ihesabiwe kama kazi

SAFU YA JUMA
Na Wilondja Etungano, Kazimia

Kati ya Kazimia na Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, vijana wanapiga muziki wao bila kampuni yoyote nyuma yao. Wanarekodi katika vyumba vidogo kwa umeme wa jua au wa jenereta, wimbo unapita kwenye simu, unavuka ziwa hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nchini Tanzania, na kutoka huko unawafikia ndugu zetu waliohamishiwa Marekani. Baada ya hapo linasubiriwa jambo moja tu: mwaliko. Anayeupata anaagwa kama mtu aliyekwisha kuokoka, wala hakuna anayemuuliza atalipwa kiasi gani, na nani, lini, na baada ya kukatwa nini. Kimya hicho kinawaumiza wanamuziki wetu kuliko baridi ya Ulaya. Mvuvi wa Kazimia haingii ziwani usiku kabla ya kujua petroli ni ya nani, nyavu ni za nani, na ndagala watagawanywa vipi kukicha. Mwanamuziki anayevuka bahari anastahili kujua hayo hayo, na sisi tunaomsindikiza tunapaswa kumuuliza kabla hajapanda boti.

Tuanze na fedha, kwa sababu ndipo ndoto nyingi zinapovunjikia. Daktari au mfanyabiashara akienda nchi nyingine kwa juma moja, kwa kawaida halipi kodi ya mapato huko. Msanii analipa, kwa kuwa mikataba mingi ya kodi baina ya nchi inafuata kielelezo cha shirika la OECD, ambacho kifungu chake cha 17 kinairuhusu nchi ya onyesho kumtoza msanii palepale. Ujerumani inakata asilimia 15 na nyongeza yake kidogo, Uingereza asilimia 20, Marekani asilimia 30, na mara nyingi makato hayo yanafanywa kwenye malipo yote kabla ya gharama kuondolewa. Sasa tuseme bendi ya watu 8 inalipwa euro 2,000 kwa usiku mmoja katika mji wa Ujerumani. Kodi inachukua zaidi ya 316. Wakala aliyetafuta ukumbi akichukua asilimia 15, ni 300. Meneja akichukua kiasi hicho hicho, ni 300 nyingine. Zimebaki 1,083. Humo mtoe gari, mafuta, dereva, fundi wa sauti, vyumba vya kulala na chakula. Zikienda 700 tu, kila mwanamuziki hafikishi euro 50. Kesho yake hakuna onyesho, ila watu 8 wanakula na wanalala vilevile. Na bado hatujagusa tikiti za ndege. Hesabu hii ni mfano wangu, lakini kila mstari wake unatoka katika utaratibu wa kawaida wa kazi hiyo. Kikundi kilichoandika katika mkataba kwamba kiasi kilichokubaliwa ni baada ya kodi, na kwamba malazi yanalipwa na mwenyeji, kinamaliza ziara kikiwa na kitu mfukoni. Ambacho hakikuandika kinarudi na picha.

Wala tusidhani ni unyonge wa Waafrika peke yao. Mwaka 2022 bendi ya Animal Collective ya Marekani, yenye jina na wapenzi duniani kote, ilifuta safari yake ya Ulaya kwa kuwa hesabu ziligoma, na mwimbaji Santigold akafuta ziara yake mwaka huo huo akieleza jinsi gharama zilivyopanda. Uingereza, kumbi ndogo 125 ziliacha kupiga muziki mwaka 2023. Hizo ndizo kumbi ambamo bendi huru huishi: si viwanja vya mpira, ni vyumba vya watu 200 au 300 nyuma ya baa. Anayekwenda huko akiamini kwamba Ulaya ni mahali ambapo fedha zinasubiri tu kuchukuliwa, anakwenda kwenye soko ambalo wenyeji wake wenyewe wanalilalamikia.

Mfano unaopaswa kufundishwa kwa kila bendi ya Kongo ni wa Staff Benda Bilili. Walikuwa wanaume wa Kinshasa waliopooza miguu kwa polio, wakisafiri kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, wakifanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama ya jiji, pamoja na kijana Roger Landu aliyejitengenezea satongé, chombo cha uzi mmoja uliofungwa kwenye kopo. Albamu yao ya kwanza, Très Très Fort, ilitoka mwaka 2009, na mwaka huo huo wakapewa tuzo ya maonyesho ya muziki ya WOMEX. Mwaka 2010 filamu juu ya maisha yao ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes. Wakazunguka Ulaya na kwingineko, kumbi zikijaa, wakarekodi albamu ya pili mwaka 2012. Halafu, mwanzoni mwa 2013, ugomvi ndani ya kundi na juu ya uongozi wake ukawatawanya, na maonyesho yaliyokwisha kupangwa yakafutwa. Coco Ngambali na Théo Nzonza wakaanzisha Mbongwana Star na kutoa albamu mwaka 2015. Simhukumu mtu yeyote katika kisa hicho, kwa maana mgawanyiko wa bendi huwa na pande nyingi. Ninachokiona ni hiki: watu waliovumilia polio, barabara za Kinshasa na miaka ya kulala vibaya hawakushindwa na muziki wala na wasikilizaji. Wasikilizaji walikuwapo. Kilichopungua ni kuelewana juu ya nani anaamua nini, na hilo halipatikani katikati ya ziara, watu wakiwa wamechoka ndani ya gari moja. Linapatikana nyumbani, kwa maandishi, kabla ya safari.

Nyumbani ndiko kunakotoa pia ule uthabiti wa kuikabili safari. Mwanamuziki Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila, bendi iliyobeba jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vyake. Hebu tulitafakari jambo hilo: kikundi hakikuwa na gitaa lake chenyewe, lakini kilikuwa na umati wake. Kwa miaka kama 10 Remmy aliwaimbia watu wa kawaida, akawaimbia umaskini, kifo na dhuluma kwa Kiswahili walichokielewa, ndipo mwaka 1988 akaalikwa kwenye tamasha la WOMAD, na baadaye studio ya Real World nchini Uingereza ikatoa albamu zake mbili, mwaka 1989 na 1992. Alirudi akakuta watu wake wapo. Mpaka leo kuna mahali Sinza, Dar es Salaam, panapoitwa kwa Remmy. Mzee Mawangu Mingiedi wa Konono No.1 naye alipiga likembe zake, zilizofungwa vikuza sauti vya mabaki ya vyuma, kwenye sherehe na matanga ya Kinshasa kwa miongo kadhaa kabla ya albamu ya Congotronics kumfikisha duniani mwaka 2004. Mwaka 2011 Konono na Kasai Allstars wakazunguka Ulaya kwenye jukwaa moja na Deerhoof wa San Francisco na Juana Molina wa Argentina. Wazee wetu hawakwenda huko kutafuta kuwa nani. Walikuwa wamekwisha kuwa.

Hapa najua nitajibiwa: ni rahisi kumwambia maskini asubiri, kama vile umri wake unasubiri. Kipingamizi hicho kina uzito, na kijana wa eneo letu la Fizi aliyezaliwa vitani hana sababu ya kuambiwa ajenge umati kwa miaka 10. Lakini sisemi asubiri. Nasema ahesabu, na ahesabu pia safari zilizo karibu. Kongo ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kenya iliwaondolea Wakongo visa kuanzia Septemba 2023, Uganda kuanzia Januari 2024. Zanzibar ina Sauti za Busara tangu 2004, tamasha linalotaka muziki upigwe moja kwa moja jukwaani, jambo ambalo bendi zetu zinaliweza. Uganda ina tamasha la Nyege Nyege tangu 2015, na ilipokuja korona mwaka 2020 ndiko Fulu Miziki wa Kinshasa, wanaotengeneza vyombo na mavazi yao kwa taka, walikopata pa kufanyia kazi. Boti inatoka Kazimia hadi Kigoma, na Kigoma kuna reli hadi Dar es Salaam. Malipo ya safari hizo ni madogo, kweli, lakini gharama nazo ni ndogo, lugha ni yetu, na kosa la mkataba lililofanyika Kigoma au Kampala linarekebishika. Lile lililofanyika Hamburg halirekebishiki, maana visa ina tarehe ya mwisho.

Na visa ni ukuta ambao hesabu nzuri peke yake haiuvunji. Maombi ya kwenda nchi nyingi za Schengen yanapokelewa Kinshasa, na kutoka Baraka hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 hata kama ungeruka kama ndege. Njia ya kawaida ilikuwa kupanda hadi Uvira kwa barabara ya taifa namba 5, bariyeri baada ya bariyeri, kisha Bukavu, kisha ndege kutoka Kavumu. Tangu waasi wa M23 walipouchukua uwanja huo na mji wa Bukavu Februari 2025, hata njia hiyo imekufa, na mtu wa Fizi anayetaka kufika mji mkuu wa nchi yake analazimika kutafuta njia nyingine ya kuzunguka. Ada ya visa ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Bendi ya watu 8 inaweka rehani euro 720 kabla haijajua kama itapiga hata noti moja.

Wanaotetea ukali huo wana jibu lao, nasi tusiliruke: wanamuziki wa Kongo waliharibu wenyewe. Papa Wemba alikamatwa Ufaransa mwaka 2003, na mwaka 2004 mahakama ya Bobigny ikampata na hatia ya kusaidia watu kuingia Ulaya kinyume cha sheria, wakipita kama wanamuziki wake. Ni kweli, na iliwagharimu wengi wasiohusika. Kila aliyenunua nafasi katika orodha ya bendi alimnyang'anya nafasi mpiga gitaa ambaye hakuwa hata amezaliwa. Lakini kosa la 2003 haliwezi kuwa hukumu ya kila kijana wa Kivu zaidi ya miaka 20 baadaye. Mwaka 2018 waandaaji wa WOMAD walieleza hadharani kwamba wasanii walioalikwa walikuwa wanakata tamaa kuja kwa sababu ya ugumu wa visa za Uingereza, na mzee Wazimbo wa Msumbiji alikuwa miongoni mwa waliokosekana mwaka huo. Hao hawakuwa watoro. Umoja wa Ulaya wenyewe umo katika Mkataba wa UNESCO wa 2005 juu ya uanuwai wa utamaduni, na kifungu cha 16 kinazitaka nchi tajiri ziwape wasanii wa nchi zinazoendelea upendeleo. Serikali yetu, iliyofurahi rumba ilipoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021, ilipaswa kukitaja kifungu hicho katika kila kikao na mabalozi. Urithi hauendi mbali ikiwa wanaoubeba wanazuiwa kwenye dirisha la visa.

Upande wetu kuna kazi isiyosubiri Kinshasa wala Brussels. Orodha ya bendi iandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi kabla mwaliko haujaombwa, ili asiuziwe mtu nafasi dakika ya mwisho. Nyimbo ziandikishwe kwa jina la aliyezitunga, kwa kuwa mirabaha huendelea kuja hata ziara ikishakwisha, na bila uandikishaji huenda kwa mwingine au haiendi popote. Wanachama wakubaliane mapema juu ya posho ya siku zisizo na onyesho, juu ya atakayeugua njiani, juu ya familia iliyoachwa. Mke wa mpiga ngoma aliyebaki Kazimia kwa miezi miwili na watoto wanne naye anabeba ziara hiyo, na sehemu yake itajwe.

Na kuna watu ambao hatujawatumia inavyofaa. Tangu Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, maelfu ya watu wa Fizi wamepita humo, na wengi sasa wako Marekani, Kanada na Australia. Watoto wao wanasoma vyuo, wengine wanafanya kazi katika ofisi za sheria, za kodi, za uhasibu. Tumezoea kuwaomba fedha na barua za mwaliko. Tuwaombe wasome mikataba. Meneja akituma karatasi ya kurasa 12 kwa Kiingereza au Kifaransa cha mawakili, mtoto wa Baraka aliyeko Ohio anaweza kuisoma jioni moja na kuirudisha kwa sauti ya WhatsApp, kwa Kiswahili au Kibembe, akionyesha kodi imeandikwa wapi, tikiti ya kurudi italipwa na nani, na ni ukurasa gani wa kukataa kutia sahihi hadi ubadilishwe.