LUPANGO YETU: Kifua kikubwa, moyo mudogo

Mwezi huu tunajibu barua ya mama mumoja. Anaandika hivi:

«Nilinunua vifaranga 50 vya kuku ya nyama. Vilikula muzuri sana, vikanona. Katika juma la tano, katikati ya mwezi wa saba, zikaanza kufa moja moja, na zaidi zile kubwa. Nilipasua moja, tumbo ilijaa maji. Siku chache mbele, jirani yangu alipita akasema: Aa, kuku ya mama iko munene! Sasa watu wananiambia ni yeye njo alizitupia jicho. Nifanye nini?»

Mama, pole sana kwa hasara. Lakini tunakuomba, usiende kwanza kugonga mulango wa jirani. Tusikilize kwanza yale kuku yenyewe inatuambia.

Kuku ya kizungu ya nyama haikuanza kuwa vile. Ni watu walioitengeneza, si kwa dawa, lakini kwa kuchagua. Kila kizazi walichukua jogoo na majike yenye mwili mukubwa na kifua kipana, wakazizalisha, na watoto wao vilevile. Huko Kanada, katika chuo kikuu cha Alberta, walichunga mbegu tatu za kuku pamoja, chakula kile kile: mbegu ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Kwa siku 56, kuku ya 1957 ilikuwa na gramu 905, ya 1978 gramu 1 808, na ya 2005 gramu 4 202. Chakula ni kimoja. Tofauti ilitoka katika damu.

Nyama hiyo inatoka wapi? Nyama tunayokula na bukari ni misuli ya munyama. Ukichana kifua cha kuku iliyopikwa, unaona nyuzi nyembamba zimelala pamoja kama kamba. Hesabu ya nyuzi hizo inakamilika karibu wakati kifaranga kinatoka katika yai. Kisha pale, kuku haiongezi nyuzi nyingi tena. Nyuzi zilezile zinanenepa na kurefuka. Basi wale waliochagua kuku kubwa walichagua mambo mawili bila kuyaona kwa macho: kuku inayozaliwa na nyuzi nyingi, na kuku ambayo nyuzi zake zinanenepa upesi.

Hapa njo shida inaanza. Kila uzi wa nyama unaomba hewa safi, na hewa inaletwa na damu katika mishipa midogo sana. Uzi ukinenepa kupita kiasi, katikati yake inakuwa mbali na damu. Njo maana katika kuku zinazokua upesi sana, mara na mara kifua kinakuwa kigumu kama ubao, ao kinakuwa na mistari myeupe ya mafuta. Nyuzi zingine zimekufa, na mafuta na makovu vimechukua nafasi yao.

Na moyo? Watu walichagua kifua, hawakuchagua moyo. Mwili umekua, lakini moyo na mapafu havikufuata kwa kipimo kile. Ni sawa na kufunga motere ya pikipiki katika kamyo yenye kujaa makala. Moyo unasukuma damu kwa nguvu kupita katika mapafu, unachoka, na maji ya damu yanavuja na kujaa ndani ya tumbo. Ugonjwa huu ulijulikana zamani katika milima mirefu ya Amerika ya Kusini, mahali hewa ni nyepesi. Tena baridi inauzidisha, kwa sababu kuku inayotafuta joto inaomba hewa zaidi. Sasa mama, fikiri: Kolwezi iko juu, karibu metre 1 400, na mwezi wa saba usiku ni baridi kali. Kuku zako zilizokufa ni zile kubwa zaidi. Jicho la jirani halikuhitajika.

Si kuku peke yake. Huko Ubelgiji kuna ngʼombe nyeupe na buluu, yenye matako kama mawe makubwa. Mwaka 1997 wenye elimu walionyesha kwamba katika ngʼombe hiyo, kile kinachozuia misuli isizidi, kama freni, kimeharibika. Inazaliwa na nyuzi nyingi kupita ngʼombe ingine. Nyama ni nyingi kweli, lakini ndama wengi wanatolewa kwa kupasua mama. Na dindon yenye kifua kipana haiwezi tena kupanda jike. Watu njo wanaingiza mbegu kwa mukono. Faida iko, lakini kuna mahali inalipwa.

Basi tufanye nini?

Kwanza, usiku wa baridi funga madirisha ya upande wa upepo, lakini uache hewa ipite juu. Tandika mabaki ya randa kutoka kwa seremala, makavu. Na moshi wa makala usibaki ndani.

Pili, usizikimbize kukua. Usiwashe taa usiku muzima ili zile bila kulala. Kuku inayopata giza na usingizi inakua polepole kidogo mwanzoni, na moyo na miguu vinapata wakati wa kukomaa.

Tatu, uziuze ao uzichinje kwa juma la sita ao la saba. Usiache jogoo ile kubwa ikuwe baba wa kuku zako za lupango. Watoto hawatafanana nayo, na wanaweza kurizi uzito bila miguu ya kuubeba.

Ine, ukichagua jogoo ya kienyeji, usitazame uzito tu. Tazama miguu, pumzi, na kama mama yake anaatamia muzuri na kulea vifaranga vyake.

Tano, kuku nyingi zikikufa kwa siku mbili tatu, kubwa na ndogo pamoja, huo ni ugonjwa mwingine. Ita munganga wa nyama upesi. Na kuku iliyojifia yenyewe usiwape watoto.

Mama, kuku zimekufa, lakini ujirani haujakufa. Ile siku utachinja zilizobaki, chukua moja, uvuke njia, umupelekee jirani yako. Alisema kweli: zilikuwa nene. Zilikuwa nene kupita nguvu ya moyo wao.