Rutshuru: vita haikuua baraza yetu, baraza haikuzaliwa hata siku moja

Ndugu zetu wa Bwisha na wa Bwito, nyinyi muko Kiwanja, Rugari, Bunagana, Nyamilima, Tongo, Bambo na Nyanzale, na nyinyi mulibakia Goma ao mulivuka mupaka wa Uganda:

Kila posho tunasikia maamuzi mapya. Salongo: asiyefika analipa. Kodi nyingine ku soko. Shamba ya fulani imepewa mutu mwingine sababu "mwenyewe alikimbia". Shefu mupya amewekwa. Tukiuliza nani aliamua, jibu ni moja tu: "Imetoka juu." Leo tunataka kuzungumuza juu ya hiyo "juu". Iko wapi? Nani anakaa kule? Na nani alimutuma?

Wengi wanajibu haraka: ni vita. M23 ilikamata Bunagana tarehe 13 Juni 2022, ikaingia Rutshuru na Kiwanja mwisho wa Oktoba mwaka ule ule, na Januari 2025 Goma ikaanguka. Basi, wanasema, tungojee vita iishe, mengine tutaona nyuma.

Sisi tunakataa jibu hilo. Si kusema vita ni jambo dogo: kati yetu familia zimezika, na tunajua maisha ya ndani ya hema. Tunakataa kwa sababu jibu lenyewe si la kweli. Vita haikuua baraza yetu. Ilifika ikakuta hakuna baraza ya kuua.

Tufungue sheria. Diplome tuko nazo, kazi hatuna, kwa hiyo muda wa kusoma hatukosi. Katiba ya 2006, kifungu cha 3, inaweka chefferie pamoja na muji, commune na secteur: inajiongoza yenyewe, na inatumia mali yake na watu wake kwa uhuru. Sheria n° 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaendelea: kila chefferie inapashwa kuwa na baraza, na wajumbe wake wanachaguliwa. Baraza hiyo ndiyo inapitisha bajeti. Hiyo ndiyo inakata mambo ya barabara za kwetu, soko, usafi. Hiyo ndiyo inauliza makuta zilienda wapi. Mwami anabakia Mwami kufuatana na mila, hakuna anayemupokonya kiti. Lakini pembeni ya kiti chake sheria iliweka viti vingine, na viti hivyo ni vya raia.

Nani amekwisha kuona mutu amekaa juu ya viti hivyo? 2006 tulichagua Rais na wabunge. 2011 tulichagua tena. 2018 tulichagua tena. Masanduku ilifika mupaka vijijini, wino ulifika, mawakala walifika. Karatasi ya kuchagua baraza ya chefferie ndiyo haikufika. 2015 CENI iliandika ku kalenda yake tarehe 25 Oktoba kwa uchaguzi wa chini. Tarehe ikapita, hakuna aliyeomba samahani. Tarehe 20 Desemba 2023 inchi ilichagua wajumbe wa commune, lakini ndani ya miji mikubwa ya majimbo tu. Goma ilichagua wa kwake. Chefferie hata moja, ndani ya Kongo yote, haikuchagua. Na sisi Rutshuru, pamoja na wenzetu wa Masisi, siku ile hatukupiga kura yoyote, hata ya Rais.

Basi mutu asituambie tena vita ndiyo ilikatala. Kama 2006, 2011 na 2018 iliwezekana kuleta karatasi ya mukubwa wa Kinshasa mupaka kijijini, ilishindikana nini kuleta karatasi ya mujumbe wa kijiji? Kinshasa inahitaji kura zetu. Haihitaji maswali yetu.

Tuwape mufano mumoja. Mbele ya vita hii, wamoja kati yetu, tulipotoka tu ku université, tulienda ku biro moja ya huku kwetu kuomba kuona bajeti ya mwaka. Bwana wa biro akatuangalia: "Nyinyi muko ba nani? Nani amebatuma?" Tukajibu: "Hakuna, papa. Mama zetu banalipaka kodi ku soko." Akacheka, akasema turudi siku ya tatu. Tulirudi mara ine. Mupaka leo hatujaiona. Hatutaji biro hiyo, sababu si yule papa peke yake. Yeye hakuwa na mutu wa kumuogopa. Hakuna mujumbe angesimama mbele yake na kusema: nilichaguliwa na watu wangu, leta karatasi.

Na makuta si kidogo. Katiba inasema 40% ya mapato ya taifa inabakia kwa majimbo. Ndani ya hiyo sehemu ya jimbo, sheria inasema 40% inashuka kwa miji, commune, secteur na chefferie. Nani amekwisha kusimama Rutshuru-centre, mbele ya watu, akasema: mwaka huu Bwisha imepata kiasi hiki, Bwito kiasi hiki? Raia hakuambiwa, na hakuna baraza ya kuuliza kwa jina lake. Leo barrière ziko na watu wengine, wenye bunduki, na swali ni lile lile, isipokuwa sasa kuliuliza kunaweza kukuua.

Hapa ndipo tunataka mutusikilize vizuri. Tarehe 6 Mei 2021 état de siège ilianza, na viongozi wa kiraia wakaachia nafasi watu wa jeshi na wa polisi. Ilikuwa rahisi: unabadilisha mutu mumoja, biro yote imebadilika. M23 nayo ilipoingia ilifanya vile vile. Nyumba ya nguzo moja, anayeshika nguzo ameshika nyumba. Lakini kama kungekuwa wajumbe wa Jomba, wa Busanza, wa Binza, wa Bishusha, wa Tongo, kila mumoja anajulikana na watu waliomuchagua, anayekuja na bunduki angelazimika kuwauliza ao kuwafukuza wote mbele ya macho ya watu. Hatusemi baraza inazuia risasi. Tunasema inazuia uongo. Hakuna angeweza kusema "wakaaji wamekubali", wakati wakaaji hawakuulizwa.

Tunajua kuna watakaosema: Rutshuru ni ya makabila mengi, mukiweka baraza mutaleta ugomvi. Tunajibu: ugomvi uko tayari. Uko ku mashamba, uko ndani ya majina ya mashefu, uko ndani ya midomo ya watu usiku. Unakosa tu mahali pa kusemwa mchana, mbele ya wote, na mwandishi akiandika. Muhutu, Munande, Mututsi, Muhunde na Mutwa wanauziana maharagi ku soko moja. Wanashindwa nini kukaa ku meza moja na kukata neno la ile soko?

Serikali ya Kongo na ya Rwanda zilitia sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025. Kinshasa na AFC/M23 walitia sahihi Doha tarehe 19 Julai 2025. Kule wanazungumuza juu ya kurudisha mamlaka ya serikali. Tunauliza: mamlaka gani? Ile ya biro ya mutu mumoja, ambayo ilituacha bila sauti? Kama ni ile tu inarudi, watatubadilishia jina la anayeamua, na sisi tutabakia pale pale, tunangojea jibu la "juu".

Kwa hiyo tunaomba wazi wazi:

Kwa wale wanaoshika Rutshuru leo kwa nguvu: muache kulazimisha salongo kwa fimbo na kwa amende. Muache kugawa mashamba ya watu waliokimbia ao waliofukuzwa ndani ya makambi. Shamba si zawadi ya mushindi.

Kwa Kinshasa na CENI: uchaguzi wa baraza za chefferie uache kuwa wa mwisho ku kalenda. Kila mara wa mwisho ndiyo unakatwa. Muuweke mbele, na muanze kutuambia namna mukimbizi wa Rutshuru ataandikwa ili achague kwao.

Kwa wanaozungumuza Doha na penginepo: andikeni ndani ya makubaliano kwamba hakuna neno la shamba, la kodi ao la shefu litakatwa bila wakaaji, na kwamba mukimbizi anayerudi atasikilizwa mbele ya shamba yake kupewa mwingine.

Na kwako mama wa soko, papa mulimaji, kijana wa moto: andika. Siku gani ulilipa, kiasi gani, nani alipokea, alikupa karatasi ao hapana. Ndani ya kijitabu cha mutoto wa masomo, inatosha. Usikionyeshe ovyo, usijitie hatarini, lakini usitupe. Siku baraza itazaliwa, hicho kijitabu kitakuwa karatasi yake ya kwanza juu ya meza.

Hatuombi kiti. Wengi wetu hatutagombea hata kimoja. Tunaomba tu siku moja tukiuliza nani aliamua, jina la mutu lipatikane, na ijulikane tulimuchagua sisi.