Sarafu haichaniki

Kila asubuhi Goma ni ileile: unapanda moto, unatoa noti ya 500 yenye skochi, motari anakataa. Mama wa sokoni naye anakataa, maana jioni hakuna mwenye atamupokelea. Hasara inabakia kwa mdogo.

Tangu banki zifunge milango hapa Januari 2025, noti zilezile ndizo zinazunguka, mpaka namba hazisomeki.

Ng'ambo ya Petite Barrière, kule Gisenyi, franga 100 ni sarafu. Ikianguka kwenye matope unapangusa, unalipa.

Tunaomba Banki Kuu ya Congo itengeneze sarafu za 50 mpaka 500. Na sisi wananchi, tukingojea, tuache kukataliana. Franga yetu ni franga, hata ikichakaa.