Masika Si Adui wa Baiskeli

Timbwani, kama Likoni nzima ya Mombasa, ina imani iliyoota mizizi kwamba baiskeli ni chombo cha kiangazi. Mawingu ya Aprili yakitanda juu ya bahari, baiskeli huegemezwa ukutani na mwenyewe hurudi kwenye matatu, tuktuki na bodaboda mpaka mvua zikatike. Anayeendelea kuiendesha huhesabiwa kuwa amekosa nauli au haipendi roho yake. Imani hiyo ni potofu, na ina madhara. Humtoa kibarua wa bandarini pesa ambazo zingenunua unga wa nyumbani, humpunguzia muuza mkate faida, na baya zaidi humfanya mwendeshaji aamini kwamba kiangazi ni salama kwa kuwa tu hakuna mvua. Hatari kubwa za baiskeli zipo barabarani mwaka mzima, na nyingi kati yake zina dawa inayojulikana.

Kalenda yenyewe inaikanusha imani hii. Mombasa hupata mvua ya milimita 1,000 na ushei kwa mwaka. Sehemu kubwa huanguka wakati wa masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Juni, na Mei ndio mwezi wake mkuu. Vuli hufuata kati ya Oktoba na Disemba. Anayeiweka baiskeli misimu yote miwili huipoteza kwa karibu nusu ya mwaka. Lakini mvua ya pwani aghalabu huja kwa vishindo, hasa usiku na alfajiri, kisha hukatika. Hata Mei ina saa nyingi kavu ambazo mtu angeweza kwenda kwenye feri ya Likoni na kurudi bila kulowa. Jambo la kupimwa ni saa ya safari, na kuifungia baiskeli miezi mizima ni kujinyima bure.

Mvua ina athari zake, na hakuna sababu ya kuzificha. Ya kwanza ni kwenye breki. Baiskeli nyingi za mtaani, kuanzia blakimamba hadi za gia za mitumba, husimama kwa mpira unaobana rimu. Rimu ikilowa, mizunguko ya kwanza ya gurudumu huishia kufuta maji, na mwendo haupungui kama mkono ulivyotarajia. Rimu ya chuma iliyong'arishwa kwa kromi huathirika kuliko ya aluminiamu. Dawa yake ni kugusa breki mapema na kwa wepesi kabla ya mteremko au makutano ili rimu ifutike, kuacha nafasi maradufu nyuma ya chombo kilicho mbele, na kupunguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona.

Athari ya pili ni utelezi. Lami iliyokaa wiki nyingi bila mvua hubeba mafuta ya magari na vumbi, na manyunyu ya mwanzo huvichanganya vikawa utando. Kwa hiyo dakika za kwanza za mvua huteleza kuliko mvua iliyokwisha kuosha barabara. Michoro ya rangi barabarani na vifuniko vya chuma vya mitaro nayo huteleza, na huvukwa kwa usukani ulionyooka, bila kukata kona na bila kubana breki. Sakafu ya chuma ya feri na mteremko wa kuiingilia ni hatari zaidi, na hapa imani ya msimu huanguka kabisa, kwa sababu mteremko huo hulowa maji ya bahari Januari sawasawa na Mei. Mahali hapo baiskeli husukumwa kwa mkono katika kila mwezi.

Athari ya tatu ni madimbwi. Maji ya udongo huficha shimo, jiwe au mtaro uliopoteza kifuniko. Dimbwi ambalo chini yake halionekani lihesabiwe kuwa shimo: huzungukwa baada ya kutazama nyuma, au mtu hushuka akasukuma. Ila katika vichochoro vya mchanga mambo hugeuka. Mchanga mkavu wa Februari humeza tairi na kuupotosha usukani, ilhali mchanga uliolowa kiasi hushikana na kulibeba gurudumu. Penye njia kama hizo mvua ya wastani humsaidia mwendeshaji.

Kiangazi, kinachosifiwa kuwa salama, kina orodha yake. Upepo huhamishia mchanga juu ya lami, hasa kwenye kona na mahali njia ya udongo inapokutana na barabara kuu, na tabaka jembamba la mchanga mkavu juu ya lami huteleza kwa ghafla kuliko maji. Jua la chini la asubuhi na jioni humpofusha dereva anayelielekea, na mwendeshaji aliye mbele yake hupotea ndani ya mwanga. Joto la Februari na Machi hufika nyuzi 32 na zaidi, pamoja na unyevu wa pwani. Mtu aliyekaukiwa na maji mwilini huchelewa kuamua na kukwepa. Upepo wa kusi nao, unaovuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, hata masika yakishapita, humsukuma ubavuni mwendeshaji, na trela likimpita humkatia upepo huo ghafla, kisha humrudishia. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji tone la mvua.

Zaidi ya yote, lami kavu hukaribisha mwendo wa kasi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba ongezeko la asilimia 1 katika mwendo wa wastani wa magari huongeza uwezekano wa ajali ya kifo kwa asilimia 4. Barabara ya kutoka Likoni kwenda Ukunda na hadi Lunga Lunga hubeba matatu, mabasi na malori ya kuvuka mpaka, na mvua ikinyesha madereva wengi hupunguza mwendo. Siku ya jua, lami ikiwa tupu, kizuizi hicho huondoka. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na vifo hivyo havingoji masika.

Giza ndilo adui asiyetambua misimu. Nchi za mbali na ikweta huwa na miezi ambayo jua huchwa alasiri, kwa hiyo watu wake hujiandaa kwa msimu wa giza. Timbwani iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua huchwa kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni, na kufikia saa 1:15 usiku giza limeshaingia, iwe Januari au Julai. Kibarua anayetoka kazini kisiwani Mombasa, akapanga foleni ya feri na kushuka Likoni saa moja na nusu, huendesha gizani miezi yote 12. Taa nyeupe mbele, taa nyekundu au kiakisi mwanga nyuma, na nguo ya rangi inayoonekana ni mahitaji ya kila siku. Anayefunga taa kwa sababu ya mvua na kuifungua mvua ikiisha amejilinda kwa miezi michache akajiacha wazi katika iliyobaki. Kofia ngumu nayo ni hivyo hivyo: uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba hupunguza majeraha makubwa ya kichwa kwa zaidi ya nusu miongoni mwa waendeshaji wanaopata ajali, na lami ni ngumu katika kila msimu.

Upande wa barabara hauna msimu pia. Wapo wanaopanda baiskeli kuyakabili magari, wakidhani ni heri kuliona gari linalokuja. Kanuni hiyo ni ya mtembea kwa miguu, na kwa mwendesha baiskeli ni mtego. Baiskeli iendayo kilomita 15 kwa saa na matatu iendayo kilomita 50, zikielekea upande mmoja, hukaribiana kwa kilomita 35 kwa saa, na dereva aliye mita 100 nyuma ana sekunde 10 za kuamua. Zikikabiliana hukaribiana kwa kilomita 65 kwa saa, na sekunde hizo hupungua hadi 5 na nusu. Isitoshe, dereva anayetoka kichochoroni akikata kushoto hutazama kulia, magari yanakotokea, wala hamtazamii mtu kutoka upande wa pili. Sheria ya Kenya huweka vyombo vyote kushoto, na baiskeli ni chombo.

Kukaa kushoto hakumaanishi kubanana na ukingo. Mvua hula udongo wa kando na kuacha lami ikiwa na kidaraja kikali. Gurudumu likitumbukia pale, kurudi juu kwa pembe ndogo humwangusha mtu mbele ya magari. Umbali wa karibu mita moja kutoka ukingoni humpa mwendeshaji nafasi ya kukwepa, na humfanya aonekane. Matatu iliyosimama kushusha abiria haipitwi kwa upande wa mlango wake. Trela lililo karibu na makutano halipitwi kwa kushoto hata kidogo, kwa kuwa dereva wake haoni kilicho chini ya ubavu huo.

Mashine yenyewe huchakazwa na pwani kuliko na mvua. Hewa ya chumvi hula mnyororo, spoki na nyaya za breki hata kama baiskeli haijawahi kutoka nje masika. Baiskeli iliyoegemezwa ukutani miezi mitatu huamka na mnyororo uliokauka, tairi zilizoishiwa upepo na nyaya zilizoganda. Iliyo kazini, ikifutwa kwa kitambaa baada ya kulowa, ikapakwa mafuta kila wiki na mipira ya breki ikabadilishwa kabla haijaisha, hudumu kuliko iliyofichwa. Fundi wa mtaani hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo, na kucheleweshwa kwake ndiko kunakozaa ajali inayosingiziwa hali ya hewa.

Zipo saa ambazo baiskeli haifai, na ukweli huo ni lazima usemwe. Maji yanayopita kwa nguvu barabarani hayavukwi, hata yakiwa ya goti, kwa sababu hubeba mtu na kuficha mitaro. Radi ikipiga karibu, mwendeshaji huingia ndani ya jengo na kungoja. Mvua nzito inayofunga macho ya mwendeshaji pamoja na kioo cha dereva ni ya kuipisha. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na za mwishoni mwa 2023 zilionyesha ukali wa mafuriko nchini. Lakini hizo ni saa, na katika mwaka mbaya ni siku kadhaa. Hazihalalishi kuifunga baiskeli kwa msimu mzima.

Dhuluma kubwa ya imani hii iko mahali pengine: huwapa nafuu wenye jukumu la barabara. Ajali ikiitwa ya masika, hakuna anayeulizwa kuhusu mtaro ulioziba, taa ya barabarani isiyowaka au ukingo uliobomoka. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti barabara zake, taa za mitaani na usafiri wa umma. Barabara za kitaifa ziko mikononi mwa mamlaka zilizoundwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Mji wa Oulu, nchini Ufini, una theluji miezi mingi, na wakazi wake huendesha baiskeli humo kwa sababu njia zao zimetengwa na husafishwa mapema asubuhi. Hali ya hewa ya Likoni ni nyepesi mno ikilinganishwa na hiyo. Kinachokosekana ni njia iliyotengwa kando ya barabara kuu, mitaro inayopitisha maji, taa zinazowaka na matuta yanayopunguza mwendo penye watu wengi.

Wakazi wa Timbwani wana haki ya kuvidai vitu hivyo katika vikao vya bajeti vya kaunti, na wana wajibu wa kufunga taa, kukagua breki na kushika kushoto hata siku ya jua kali. Masika yasibebeshwe lawama ya barabara mbovu.