Sahwa na Vita vya Ghuba: Tusichanganye

Ndugu Waislamu, imezoeleka katika barza zetu kuwatia chungu kimoja masheikh wa Sahwa, yaani mwamko wa dini wa Saudia, na watu waliotega mabomu. Hiyo ni dhulma, na tarehe yenyewe haiikubali.

Kabla ya 1990 Sahwa ilikuwa zaidi ni darsa, malezi ya vijana na kuwajibu waliotaka dini ikae pembeni. Tarehe 2 Agosti 1990 Iraq ikaivamia Kuwait. Mfalme Fahd aliyaita majeshi ya Marekani, na Baraza la Wanavyuoni Wakubwa, akiwemo Sheikh Ibn Baz (Allah amrehemu), likajuzisha kwa dharura.

Sheikh Safar al-Hawali wa Chuo Kikuu cha Umm al-Qura, Makka, na Sheikh Salman al-Awda wa Qasim hawakuridhika. Kutaka msaada wa wasio Waislamu vitani ni mas'ala ya kale, na mafakihi wamekhitalifiana humo. Lakini hoja ya al-Hawali ilivuka fiqhi: kwake yeye, Marekani ilikuwa hatari kubwa kuliko Iraq. Kanda zikasambaa, na swali la nje likazaa maswali ya ndani. Nchi yenye utajiri huu imeshindwaje kujilinda? Fedha za silaha zilikwenda wapi? Ndipo likaja Ombi la Mei 1991 kwa Mfalme, kisha Waraka wa Nasaha wa 1992 uliotiwa saini na watu zaidi ya 100, vikidai shura, mahakama adilifu, jeshi imara na uangalizi wa mali ya umma. Halaka za darsa zikawa harakati.

Kwa rai yangu, dharura aliyoiona Sheikh Ibn Baz ilikuwa ya kweli. Adui alikuwa mpakani. Ila kuwafunga wenye kunasihi, tangu 1994 hadi 1999, kuliziba kalamu na kuwaachia uwanja watu wa baruti. Osama bin Laden alipotangaza vita mwaka 1996 aliyataja majina ya masheikh hao wawili, nao wakiwa gerezani. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yakaua watu 224, wengi wao wenzetu wasiohusika kabisa na ugomvi wa Ghuba.

Mwaka 2007 Sheikh al-Awda alimkemea Osama hadharani, katika televisheni, kwa damu ya wasio na hatia. Anayetunza kanda zake za 1990 na aisikilize na hiyo.