GEMU SI KAMARI, NA KAMARI SI GEMU



Ndugu yangu katika imani, mzazi mwenzangu. Kuna neno moja linatumaliza kwa watoto wetu, nalo ni "gemu". Mtoto katumwa mkate, sarafu ya mia mbili kaitumbukiza kwenye mashine ya dubwi nje ya duka. Mkate hakuna, chenji hakuna. Ukimuuliza mwenye duka anakujibu, "Ah sheikh, watoto wanacheza gemu tu." Upande wa pili, wako masheikh wenzetu wakipanda mimbari wanasema gemu zote ni haramu, hakuna cha kubagua. Wawili hawa unadhani wanapingana, kumbe wanasema jambo moja, kwamba yote ni sawa. Mimi nakuambia SI SAWA.

Tuanze na gemu zenyewe. Kabla ya simu hizi, gemu zilikuwa ndani ya makabati makubwa yenye kioo. Unasimama mbele yake, unatia sarafu, unacheza. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado. Mwaka 1980 Namco wakatoa Pac-Man, aliyoibuni Toru Iwatani. Mwaka 1981 Nintendo wakatoa Donkey Kong ya Shigeru Miyamoto. Mpaka leo watu wazima wanazipenda, na vijana wanazo kwenye simu zao.

Itazame hiyo Pac-Man. Kiduara cha njano kinakula vitone kwenye vichochoro, vizuka vinne vinakifukuza. Vizuka vile haviendi ovyo. Kila kimoja kimepewa utaratibu wake: kimoja kinafuata nyuma, kingine kinakwenda kukata njia mbele. Ndiyo maana watu walikaa wakavisoma, wakazihifadhi njia kichwani. Alama za juu kabisa zinazowezekana ni 3,333,360, na wapo waliozifikia kwa mazoezi.

Sasa jiulize: sarafu ile ilinunua nini? Ilinunua zamu ya kucheza, basi. Hakuna aliyetia sarafu kwenye Pac-Man akingoja irudi mbili. Kwenye fiqhi hii ni ijara, sawa na kukodi baiskeli kwa saa moja. Umelipa, umetumia, mmeachana kwa salama.

Geukia dubwi. Taa zinawaka, muziki unalia, picha za matunda zinazunguka. Pac-Man naye anakula matunda, kwa hiyo mtoto akiona anadhani hawa ni ndugu. Lakini kwenye dubwi ukishabonyeza, jibu limeshaamuliwa ndani ya mashine. Taa zile ni pambo. Hakuna cha kujifunza pale. Aliyecheza miaka kumi na aliyeanza leo asubuhi ni sawasawa. Na sarafu yako haikununua mchezo, imenunua tamaa ya kuchukua sarafu za waliotangulia kuliwa. Hiyo ndiyo MAISIR, ambayo Allah ameitaja pamoja na ulevi.

Usiseme haya ni maneno ya misikitini tu. Mwaka 1942 Meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliziharamisha mashine za pinball, zile za kurusha gololi ya chuma, kwa hoja kwamba ni kamari. Zikakamatwa, zikavunjwa kwa nyundo. Marufuku ile ilikaa mpaka 1976. Siku hiyo mwandishi mmoja, Roger Sharpe, alicheza mbele ya madiwani, akawaonyesha gololi itapita wapi kabla hajaiachia, nayo ikapita pale pale. Madiwani wakaifungulia. Watu wasiosoma fiqhi yetu, lakini swali lao lilikuwa lile lile: ni mkono wa mtu au ni bahati?

Na mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba yale masanduku ya bahati ndani ya gemu za kisasa, unayolipia bila kujua kilichomo, ni kamari. Kwa hiyo mzazi, usiridhike kwa kuwa mwanao yuko ndani na simu. Angalia pesa inanunua nini.

Nikuongezee na hili, maana wengi hawalijui. Kwenye vibanda vyetu vya gemu vijana wana kanuni yao: ANAYEFUNGWA ANALIPA. Wawili wanacheza, aliyeshindwa anawalipia wote. Kila mmoja ameingia akijua ama atacheza bure ama atalipa mara mbili. Hiyo imeshakuwa kamari, hata kama gemu yenyewe ni ya mpira tu. Kila mtu alipe zamu yake, mambo yaishe.

Nanyi masheikh zangu, nasema kwa heshima. Mtume (S.A.W) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A). Dini yetu haikuja kuua mchezo. Ukimwambia kijana Pac-Man na dubwi hukumu yake ni moja, naye anajua Pac-Man haijawahi kumla hela ya mkate, hataacha Pac-Man. Atakwenda kwenye dubwi kwa moyo mmoja, maana wewe ndiye uliyemwambia ni kitu kile kile.

Simsemi vizuri mwenye kucheza mpaka adhana ikampita. Mchezo halali ukila sala umegeuka hasara. Lakini dawa yake ni kumpangia mtoto saa, si kumzulia haramu.

Basi tufanye hivi:

1. Dubwi liite kamari mbele ya mwanao. Neno gemu usilitumie hapo.

2. Mwenye duka, wewe unayesimama nasi safu ya mbele, iondoe mashine ile. Fungu unalopewa linatoka kwenye mkate wa jirani yako.

3. Sheria ya Tanzania hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha. Ukiona mtoto pale, nenda serikali ya mtaa. Usipite ukanyamaza.

Allah atuhifadhie watoto wetu na mali zetu, atupe riziki ya halali na macho ya kuijua haramu hata ikivaa nguo za mchezo. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzio.