Dawa ya kuongeza kasi ya mashua: Je, kanuni za mbio zinairuhusu?

Dawa nyingi za kung'arisha mashua huuzwa kwa ahadi moja: maji yatateleza na kasi itaongezeka. Katika mbio za mashua ndogo za matanga, ambako sekunde chache zinaweza kumnyima mtu medali, ahadi hiyo inavutia. Lakini je, ni halali?

Jibu linaanzia kwenye kanuni ya 53 ya Kanuni za Mbio za Matanga, zinazotolewa na shirikisho la kimataifa la mchezo huo, World Sailing. Inakataza mambo mawili: kuachia majini kitu kama polima, na kuwa na uso uliotengenezwa kwa mikwaruzo au mifereji maalumu, ikiwa hayo yanaweza kuboresha mtiririko wa maji yanayogusana na mashua.

Sababu ni hii. Mashua ikienda, tabaka jembamba la maji huing'ang'ania na kuirudisha nyuma. Upepo ukiwa mdogo, msuguano huo ndio kizuizi kikubwa zaidi. Anayeupunguza anapata faida hata kama si hodari kuliko wenzake.

Si nadharia tupu. Mwaka 1987 huko Fremantle, Australia, Stars & Stripes ya Dennis Conner ilitwaa Kombe la Amerika kwa kuishinda Kookaburra III 4-0. Chini yake ilibandikwa utando wa kampuni ya 3M wenye mifereji midogo mno, uliotokana na utafiti wa NASA. Haiwezi kusemwa kwamba utando huo pekee ndio ulioleta ushindi, lakini kila mtu aliona kwamba maabara imeingia mashindanoni.

Vipi kuhusu nta ya kawaida? Kanuni ya 53 haikatazi uso laini, safi na mkavu. Hata hivyo, kila aina ya mashua ina sheria zake. Kwa ILCA, mashua ya Olimpiki iliyojulikana kama Laser, kusafisha na kung'arisha kunaruhusiwa, ila vilainishi havitakiwi chini ya mstari wa maji.

Ugumu uko katika kuthibitisha. Mkaguzi hawezi kujua kwa macho kama kilichopakwa kinabaki mahali pake au kinayeyuka polepole majini. Ndiyo maana mchezo huu hutegemea uaminifu: wajibu wa kuhakikisha mashua inatimiza masharti ni wa mwenyewe, na washindani hutarajiwa kusimamia kanuni wao kwa wao.

Kinachogombewa hapa ni zaidi ya sekunde. Mashua za aina moja zilibuniwa ili kijana wa klabu ndogo ashindane sawa na mwenye mfadhili. Ushindi ukianza kununuliwa kwenye chupa, usawa huo umekwisha. Kwa hiyo, kabla ya kupaka, soma sheria za mashua yako. Ukibaki na shaka, waulize wasimamizi kabla ya mbio, si baada ya kulalamikiwa.